Baridi ya Ziwa Ontario

Kwa mwenyeji wa visiwa vya joto si rahisi kusadiki kwamba Toronto, mji wa Kanada ufunikwao na theluji kila mwaka, uliwahi kuumiza kichwa kutafuta ubaridi. Lakini kiangazi cha huko ni kikali na hewa yake ina unyevu mwingi, na majumba marefu ya katikati ya mji yamezungushiwa vioo visivyofunguka. Watu, taa na kompyuta zilizomo ndani hutoa joto mchana kutwa. Kwa hiyo kila jumba lilikuwa na mitambo yake ya kupozea, ama juu ya paa ama chini ya ardhi, na siku za joto kali mitambo hiyo yote ililia umeme kwa wakati mmoja.

Fikra ya kupoza majengo mengi kutoka chanzo kimoja haikuzaliwa Toronto. Mwaka 1889, mjini Denver, mabomba yaliyopita chini ya barabara yalianza kusambaza ubaridi kwenye maghala. Hartford, nchini Marekani vilevile, ilianza kuuza maji baridi kwa majengo ya katikati ya mji mwaka 1962, na Paris ikafuata mwaka 1991 kwa mtandao unaotegemea kwa sehemu maji ya mto Seine. Hata hivyo, kwa jumla ubaridi huo ulitengenezwa kwa mashine. Toronto ilikuwa na ubaridi uliokwisha kutengenezwa, umelala karibu na gati zake.

Siri yenyewe imo katika tabia ya maji matamu. Maji ya ziwa huwa mazito kuliko yote yanapofikia nyuzi 4 hivi. Msimu wa baridi unapoingia, maji ya juu hupoa, huwa mazito, huzama; na kiangazi kinapokuja, jua hupasha tabaka la juu tu, nalo huelea juu ya lile zito bila kuchanganyika nalo. Hivyo chini kabisa ya Ziwa Ontario baridi ya Januari hubaki imehifadhiwa hadi Agosti. Mhandisi Robert Tamblyn alilipigania wazo la kuitumia tangu mwanzo wa miaka ya 1980. Miaka ishirini ilipita kabla halijatimizwa, na muda huo haukupotea kwa sababu ya ugumu wa uhandisi. Pampu zilikuwapo, na mabomba yalikuwapo.

Kilichokosekana ni mapatano. Mwenye jumba hakuwa tayari kutia saini mkataba wa kununua ubaridi ambao bomba lake halijalazwa, na mwenye fedha hakuwa tayari kukopesha bomba ambalo wanunuzi wake hawajatia saini. Tena palikuwa na swali la haki kwa ziwa lenyewe: maji yakishachukua joto la mji, yarudishwe wapi? Kuyamwaga ziwani yakiwa yamepata moto kungebadili maisha ya viumbe vya majini, na pingamizi za wanamazingira zilikuwa na msingi.

Jawabu lilitoka kwenye idara ambayo haikuwa ikishughulika na ubaridi hata kidogo. Mji ulikuwa ukivuta maji ya kunywa karibu na ufuo, na mwishoni mwa kiangazi maji hayo yalikuwa na ladha na harufu iliyowakera wakazi. Dawa yake ilikuwa kuyavuta mbali zaidi na kina zaidi. Ndipo mipango miwili ikafanywa mmoja: maji yatakayonywewa yapite kwanza penye kazi ya kupoza. Halikubaki tena swali la mahali pa kumwaga, kwani maji yenyewe yalikuwa njiani kuelekea mifereji ya nyumbani. Huenda hii ndiyo hatua ya busara kuliko zote katika historia nzima ya mradi, nayo haikuhitaji uvumbuzi wowote wa kisayansi.

Enwave, kampuni iliyotokana na shirika la kusambaza mvuke wa kupasha majengo joto, ilikuwa mali ya Jiji pamoja na mfuko wa pensheni wa watumishi wa serikali za mitaa. Wenye mali wa namna hiyo huweza kungoja faida ya miaka mingi. Aidha, mitambo mingi ya kale ilitumia gesi zinazoharibu tabaka la ozoni, ambazo Mkataba wa Montreal wa 1987 ulizipiga vita, na wenye majumba walijua watalazimika kuibadilisha. Kisha tarehe 14 Agosti 2003 umeme ulikatika Ontario na sehemu kubwa ya kaskazini-mashariki ya Marekani, na watu wapatao milioni 50 wakaachwa gizani.

Mwaka mmoja baadaye, Agosti 2004, mfumo ulizinduliwa. Mabomba matatu huenda kilomita 5 ndani ya ziwa hadi kina cha mita 83. Maji hufika kwanza Visiwa vya Toronto, husafishwa, kisha huvuka hadi kituo cha pampu cha John Street. Hapo hupita upande mmoja wa sahani nyembamba za chuma, na upande wa pili hupita maji mengine yanayozunguka katika majengo. Maji hayo mawili hayagusani. Kinachovuka ni joto tu.

Mwaka 2012 Jiji na mfuko wa pensheni waliiuza Enwave kwa kampuni ya Brookfield.

Honolulu, katika kisiwa cha Oahu, nayo ilikuwa na baridi yake, tena si mbali na pwani: maji ya bahari ya kina cha zaidi ya mita 500. Kampuni moja ilipanga kwa miaka mingi kuyavuta ili kupoza majengo ya katikati ya mji, kisha kuyarudisha baharini. Kule maji ya chumvi hayakuwa na kazi ya pili; bomba lilitakiwa lilipiwe na ubaridi peke yake. Vibali vilitafutwa, wateja wakafuatwa, gharama zikazidi kupanda. Desemba 2020 mradi ulitangazwa kuwa umesitishwa, na viyoyozi vya Honolulu vikaendelea kunguruma juu ya mapaa.