Mtoto Asiyepumua: Jinsi ya Kufanya CPR kwa Kila Umri

Mama au mlezi, ubongo ukikosa hewa huanza kudhurika ndani ya dakika chache. Mara nyingi dakika hizo huisha kabla gari la wagonjwa halijafika, kwa hiyo anayeweza kuokoa ni yule aliye karibu. CPR ni kukandamiza kifua na kupuliza hewa mdomoni ili damu yenye oksijeni iendelee kufika kwenye ubongo.

Kwa nini umri ni muhimu

Mtu mzima akianguka ghafla, mara nyingi moyo ndio uliosimama kwanza. Kwa mtoto, kwa kawaida hewa ndiyo inayokosekana kwanza: amezama kwenye ndoo au kisima, amepaliwa, au ana nimonia kali. Moyo wake husimama baadaye. Ndiyo maana kwa mtoto tunaanza na pumzi.

Hatua za kwanza kwa wote

1. Hakikisha mahali ni salama.
2. Mwite kwa sauti na umguse begani. Mtoto mchanga mguse wayo. Usimtikise.
3. Asipoitika, ita msaada. Mtu mwingine apige simu ya dharura. Kama uko peke yako na una simu, piga na uweke sauti ya nje.
4. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu, tazama kifua kwa muda usiozidi sekunde 10. Kuhema kwa kukatakata, kama samaki aliyetolewa majini, si kupumua. Anza CPR.

Mtoto chini ya mwaka 1

- Kichwa kikae sawa, kisiinamishwe sana nyuma.
- Funika mdomo na pua yake kwa mdomo wako. Puliza kidogo kidogo, mpaka kifua kiinuke tu, mara 5.
- Zungushia mikono yako kifuani mwake, weka vidole gumba viwili katikati ya kifua, chini kidogo ya mstari wa chuchu. Kandamiza kama sentimita 4.

Mwaka 1 hadi kubalehe

- Inamisha kichwa nyuma kidogo, bana pua, puliza mdomoni mara 5.
- Kandamiza katikati ya kifua kwa sehemu ya chini ya kiganja kimoja, kama sentimita 5. Mtoto akiwa mkubwa, tumia mikono miwili.

Kijana na mtu mzima

- Anza kukandamiza mara moja, kwa mikono miwili iliyopandana, viwiko vimenyooka, sentimita 5 hadi 6.
- Kama huwezi kupuliza mdomoni, endelea kukandamiza tu. Aliyezama majini, hata akiwa mtu mzima, anahitaji pumzi pia.

Mwendo ni mmoja

Kandamiza mara 30, puliza mara 2, kisha rudia. Kasi ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, yaani karibu mbili kila sekunde. Hesabu kwa sauti. Kila ukikandamiza, acha kifua kirudi juu chote. Endelea mpaka aanze kupumua, wahudumu wafike, au uishiwe nguvu kabisa.

Ukiwa peke yako na mtoto bila simu, fanya CPR kwa dakika 1 kwanza. Kisha nenda kutafuta msaada. Aliye mdogo mbebe.

Usifanye haya

- Usimning'inize kichwa chini wala kumminya tumbo ili kutoa maji. Unapoteza muda, na matapishi yanaweza kuingia mapafuni.
- Usiingize kidole kooni kutafuta kitu usichokiona.
- Usimpe maji wala maziwa.

Mbavu za mtu mzima zinaweza kuvunjika. Hilo lisikusimamishe: mbavu hupona. Akianza kupumua, mlaze ubavu na umpeleke hospitali hata akionekana mzima.

Siku ya kliniki, mwombe muuguzi akuonyeshe kwa mwanasesere. Nenda na yule anayebaki na mtoto mchana, awe bibi au dada wa kazi, naye ajaribu kwa mikono yake.