Maboresho Nafuu ya Bembea ya Kulalia na Turubai la Kambini

Bembea ya kulalia ni kitambaa imara kinachofungwa ncha mbili kwenye miti ili mtu alale bila kugusa ardhi; turubai huwambwa juu yake kukinga mvua na jua. Wenyeji wa visiwa vya Karibi walikuwa wakiitumia kabla Columbus hajafika huko mwaka 1492. Za kambini siku hizi hushonwa kwa nailoni au poliesta. Kasoro zake nyingi hutokana na namna ya kuifunga, si kitambaa chenyewe, ndiyo maana hurekebishika kwa gharama ndogo.

Mikanda na pembe

Kamba nyembamba huchuna gome la mti. Badala yake hutumiwa mkanda bapa wa poliesta wenye upana wa sentimita 2.5 au zaidi, mfano wa ile ya kufungia mizigo. Wa nailoni hunyumbuka, hasa ukilowa, na aliyelala hujikuta ameshuka karibu na ardhi.

Mkanda ukiinama nyuzi 30 kutoka usawa wa mlalo, kila upande hubeba mkazo sawa na uzito wote wa mtu. Ukikazwa hadi nyuzi 10, mkazo hukaribia mara tatu: mtu wa kilo 80 huvuta kila mti kwa takriban kilo 230.

Kamba ya mgongo

Hii huunganisha ncha mbili za bembea kwa juu. Urefu wake kwa kawaida ni asilimia 83 ya urefu wa bembea. Bembea ya mita 3 huhitaji kamba ya mita 2.5 hivi. Hulinda kina kilekile cha bembea hata umbali wa miti ukibadilika, nacho ndicho kinachomwezesha mtu kulala kimshazari, mgongo ukinyooka. Taa na chandarua pia hutundikwa hapo.

Turubai

Turubai lisilo na matundu ya kamba halihitaji fundi. Kokoto laini huwekwa upande wa ndani wa kona, kitambaa hukusanywa kuizunguka, kisha kamba hukazwa shingoni mwake. Kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli kikiungwa kwenye kamba hiyo, hunyumbuka upepo unapovuma na kurudisha mkazo kitambaa kinapolegea kwa unyevu.

Maji ya mvua hufuata mkanda kutoka mtini hadi kitandani. Uzi mfupi wa pamba unaofungwa kwenye mkanda, chini ya turubai, huyachuruzisha chini kabla hayajafika.

Baridi na mbu

Blanketi la kulalia hubanwa na mwili, hewa ikatoka, na joto likapotea. Lililo bora huning'inizwa nje, chini ya bembea, kwa kamba za mpira zinazolisogeza karibu na kitambaa bila kulibana. Zulia la sponji au kizuia jua cha kioo cha gari, kikiwekwa ndani, pia hufaa.

Mbu huuma kupitia kitambaa chepesi kutoka chini. Kwa hiyo chandarua hutakiwa kuzunguka bembea nzima na kufungwa chini yake, bila kugusa mwili.

Usalama

Miti iliyokauka au yenye matawi mafu haifai. Bembea iliyorekebishwa hufungwa isizidi kimo cha kiti, pasipo mawe chini, na hujaribiwa kwa kukalia taratibu kabla ya kulalia. Jua hudhoofisha nailoni na poliesta, hivyo mkanda uliochakaa au kufifia rangi hubadilishwa mapema.