Arizona: Ijue Ardhi na Hali ya Hewa Yake

Wakimbizi wengi kutoka Kongo waliohamishiwa Marekani wanaishi katika jimbo la Arizona, hasa katika miji ya Phoenix na Tucson. Ikiwa wewe au ndugu yako mmepangiwa kwenda huko, soma maelezo haya kabla ya safari.

Jimbo lilivyo

Arizona iko kusini magharibi mwa Marekani na inapakana na Mexico. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 295,000 hivi. Kusini kuna jangwa la Sonora, ambako Phoenix na Tucson zipo. Kaskazini kuna nyanda za juu zenye misitu ya misonobari.

Joto na baridi

Phoenix iko mita 330 tu juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti, joto la mchana mara nyingi hupita nyuzi 40 za Selsiasi. Mwaka 2023, lilifika nyuzi 43 au zaidi kwa siku 31 mfululizo. Mwaka huo watu 645 walikufa kwa sababu zinazohusiana na joto katika kaunti ya Maricopa, ambamo Phoenix imo.

Flagstaff, ulio mita 2,100 hivi, hupata theluji kila mwaka. Kwa hiyo uliza mapema: unapelekwa mji gani?

Marekani hutumia vipimo vya Farenhaiti. Ukisikia "110", hiyo ni nyuzi 43 za Selsiasi.

Mvua na vumbi

Phoenix hupata mvua ya milimita 180 hivi kwa mwaka. Sehemu kubwa ya jimbo hupata dhoruba kali kati ya Juni na Septemba, zenye vumbi na mafuriko ya ghafla.

Jilinde

• Kunywa maji mara kwa mara, hata kama huna kiu.
• Fanya shughuli za nje asubuhi na mapema.
• Usimwache mtoto ndani ya gari, hata kwa dakika chache.
• Usiwaache watoto watembee pekupeku, lami huunguza.
• Usivuke barabara iliyofunikwa na maji.
• Kiyoyozi kikiharibika, mjulishe mwenye nyumba mara moja, na nenda mahali penye ubaridi, kama maktaba ya umma.
• Mtu akichanganyikiwa au kuzimia kwa joto, piga 911. Mpeleke kivulini na umpoze kwa maji wakati mnasubiri msaada.