Elisante ni Jina Gani?



Juma lililopita, hapa Gerezani, mama mmoja alikuja ofisini kuandikisha ubatizo wa mwanawe. Aliyekuwa akijaza fomu aliposikia jina Elisante, aliweka kalamu chini. "Mama, hili halimo katika majina ya watakatifu. Chagua la Kikristo." Mama yule, mzaliwa wa Kilimanjaro, alinyamaza. Jina lilikuwa la marehemu baba yake, Mlutheri. Nikaitwa niamue.

Waebrania walipenda kumtaja Mungu ndani ya jina la mtu, hata jina likawa sentensi nzima. El maana yake ni Mungu. Danieli ni "Mungu ndiye mwamuzi wangu", Mikaeli ni swali: "Nani aliye kama Mungu?" Hajiri aliambiwa na malaika amwite mwanawe Ishmaeli, "Mungu anasikia" (Mwa 16:11). Pita leo mitaa ya Kariakoo, utasikia akina Ismail wakiitwa madukani kwa jina lilo hilo, lililotufikia kwa njia ya Kiarabu.

Sasa tumtazame Elisante. Huko Kilimanjaro, ambako wamisionari Walutheri wa Leipzig walifika mwaka 1893, waamini walilichukua neno Eli, "Mungu wangu", ambalo Bwana wetu alililia msalabani (Mt 27:46), wakaliunga na Kiswahili: Elibariki, Elifuraha, Elineema. Elisante basi ni "Mungu wangu, asante". Na asante yenyewe imetoka katika Kiarabu, lugha iliyo ndugu wa Kiebrania! Wazee wale walifanya kile kile walichofanya Waebrania, ila kwa lugha yao.

Simlaumu aliyeshika kalamu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 (kan. 761) ilimtaka paroko ahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo, na wazazi wakikataa, aongeze mwenyewe jina la mtakatifu. Mazoea hayo yamedumu. Lakini sheria ya mwaka 1983 (kan. 855) inataka tu kwamba lisitolewe jina lisilopatana na moyo wa Kikristo. Kumshukuru Mungu kunapinganaje na moyo huo?

Nilimwuliza mama kama angependa kuongeza Yosefu. Alifikiri kidogo, akajibu, "Baba Paroko, Elisante latosha." Ndivyo lilivyoandikwa kitabuni.