Pesa na Kadi ya Benki Unapompeleka Mgonjwa India

Familia nyingi za Pwani hufunga safari ya India kwa matibabu. Watu huchanga, tikiti ikakatwa, viza ikatoka. Linalosahauliwa ni hili: pesa hizo zitafikaje kwenye kaunta ya hospitali siku zinapotakiwa? Nimesindikiza wagonjwa wa kwetu zaidi ya mara moja, na haya ndiyo ninayomweleza kila anayeniuliza.

Pesa zisikae kwa mgonjwa peke yake

Mgonjwa akishaingia chumba cha upasuaji, namba yake ya siri imeingia naye. Ikiwa mchango wote uko kwenye akaunti yake, msindikizaji atabaki kaunta mikono mitupu. Kila mmoja awe na kadi yake, ikiwezekana za benki tofauti, na zisiwekwe mkoba mmoja.

Kabla ya kuondoka

Ijulishe benki nchi unayokwenda na tarehe zako, ili malipo ya ghafla kutoka ng'ambo yasidhaniwe ni wizi na kadi ikafungwa. Kisha uliza kikomo cha matumizi kwa siku. Akaunti yaweza kuwa na laki nane na kadi ikakataa kulipa mbili, kwa sababu ya kikomo tu. Omba kipandishwe mapema.

Hakikisha pia laini yako ya Kenya itapokea ujumbe ukiwa nje. Benki hutuma namba ya uthibitisho kwa simu hiyo, na bila namba hiyo malipo ya mtandaoni hayapiti.

Malipo makubwa ni afadhali yatumwe benki kwa benki, siku kadhaa kabla. Akaunti iwe kwa jina la hospitali yenyewe, na uithibitishe na ofisi yao ya wagonjwa wa kigeni. Dalali akikupa akaunti ya mtu binafsi, usitume.

Shilingi au rupia?

Mashine ya kutoa pesa, au ya kulipia dukani, yaweza kukuuliza kama wataka kukatwa kwa shilingi za Kenya au kwa rupia. Chagua rupia. Ukichagua shilingi, bei ya kubadilisha hupangwa na wenye mashine, na mara nyingi hukuumiza. Kukataa shilingi hakufuti malipo.

Soma hesabu kwa makini. Wahindi huhesabu kwa laki kama sisi, lakini huandika 1,50,000, yaani laki moja na nusu. Usidhani ni milioni moja na nusu, wala elfu kumi na tano.

Pesa taslimu

Usitegemee kubadilisha shilingi huko. Beba dola, noti safi zisizochanika wala kuandikwa. Ukitoka Kenya na dola 10,000 au zaidi, ni lazima utangaze kwa forodha. Ukiingia India na noti za kigeni zinazozidi dola 5,000, jaza fomu ya kutangaza, na uitunze.

Uwe na rupia ndogo ndogo mfukoni. Muuza chai na dereva wa riksho huko hulipwa kwa simu, kama sisi na M-Pesa, na mfumo huo hufuata akaunti za benki za kwao. Mgeni asiye na chenji hutaabika.

Na jamaa akikupa rupia zilizobaki kabatini tangu safari ya zamani, ziangalie. Noti za 1,000 na zile za zamani za 500 zilifutwa Novemba 2016, na za 2,000 zilianza kuondolewa Mei 2023. Usizihesabu kwenye bajeti.

Mwisho, weka kila risiti, ya hospitali na ya kubadilisha pesa. Mchango ni amana. Waliochanga wana haki ya kujua ulivyotumika, na hesabu iliyo wazi ndiyo itakayowafanya wamchangie mgonjwa mwingine kesho.