Sorry

Sorry ni neno la Kiingereza ambalo peke yake hufanya kazi ya maneno mawili ya Kiswahili, pole na samahani. Anayekuja msibani husema sorry. Aliyekukanyaga kwenye daladala naye husema sorry. Msikilizaji ndiye anayebaki kupambanua.

Katika Kiingereza cha Kale lilikuwa sarig, yaani mwenye majonzi, kutokana na sar, maumivu. Wengi hudhani limezaliwa na sorrow, huzuni, lakini mizizi ni tofauti. Yamekaribiana tu kwa sauti na maana. Likitangulia nomino humaanisha -a kusikitisha, na likisemwa kwa kupandisha sauti ni sawa na "Umesemaje?"

Katika Afrika Mashariki neno hili huvaa maana ya pole waziwazi. Mtu akijikwaa ngazini, hata aliye hatua kumi nyuma yake husema sorry, akitarajia kujibiwa asante. Mgeni kutoka Uingereza hujibu kwa mshangao, "Mbona si kosa lako?" Wapo wanaoyaita matumizi haya Kiingereza kibovu. Si haki: huzuni kwa maumivu ya mwenzako ndiyo kiini cha neno lenyewe tangu asili.

Utata huo wa pole na samahani umefika hata mahakamani. Jimbo la Ontario, Kanada, lilitunga sheria mwaka 2009 kwamba kusema sorry si kukiri kosa.

Hakuna mahali neno hili limebeba uzito kama Australia. Katika Kiingereza cha wenyeji wa asili wa huko, "sorry business" ni shughuli za msiba. Mwaka 1997 ripoti ya Bringing Them Home ilieleza jinsi watoto wao walivyochukuliwa kwa nguvu kutoka kwa wazazi. Waziri Mkuu John Howard alikubali kusikitika, akakataa kuomba radhi kwa niaba ya serikali. Yaani, kwa Kiswahili, alitoa pole akanyima samahani. Mei 2000 watu wapatao 250,000 walivuka kwa miguu daraja la Bandari ya Sydney, na juu yao ndege ikaandika SORRY angani kwa moshi. Samahani yenyewe ilitoka bungeni tarehe 13 Februari 2008, kinywani mwa Waziri Mkuu aliyemfuata Howard, Kevin Rudd, huku baadhi ya waliochukuliwa utotoni wakisikiliza ukumbini humo, wengi wao wakiwa wazee.