Mapadri waliondoka, sala zikabaki

Historia ya sala za pamoja Nachingwea na Ruangwa ni ya watu wasio na daraja: walimu wa dini, makatekista, akina mama wenye vitabu vya nyimbo. Maaskofu na wamisionari wamo, lakini habari zao mara nyingi zinaishia kwenye kuuawa, kukamatwa au kuhamishwa.

Ukristo uliingia kwa Wamwera, wenyeji wa huku, kupitia majirani. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, alianzisha Masasi pamoja na watu waliokombolewa utumwani, kutoka Unguja. Wabenediktini wa Kijerumani wakafungua Lukuledi mwaka 1895, kisha Nyangao. Vita ya Majimaji ikapita juu ya yote hayo. Tarehe 14 Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne waliuawa upande wa Liwale, na mwezi huohuo misheni za Nyangao na Lukuledi zikaharibiwa.

Halafu ikaja vita ya 1914. Wajerumani waliwakamata wamisionari Waingereza. Waingereza walipoiteka nchi, ikawa zamu ya Wabenediktini kuondolewa. Oktoba 1917 majeshi yalipigana Mahiwa, jirani na Nyangao, na vijiji vikabaki na njaa. Aliyekusanya waumini alikuwa mwalimu wa kijiji. Kwa Waanglikana hilo halikuwa geni: Cecil Majaliwa, Mwafrika aliyepewa upadri mwaka 1890, aliwahi kuiongoza Chitangali kwa miaka mingi.

Kwangu mimi, huo ndio uamsho wa kusini. Ule wa Gahini, Rwanda, uliofika Bukoba na Dodoma, umesimuliwa sana, na unastahili. Huu wetu haukuwa na mikutano mikubwa. Watu walimtegemea Mungu kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumtegemea.

Mji wa Nachingwea wenyewe ulikuzwa na mradi wa karanga ulioanza 1947 na kuporomoka baada ya miaka michache. Mwaka 1963 ukapata jimbo katoliki, chini ya Askofu Arnold Cotey, wakati Trevor Huddleston akiwa askofu wa Kianglikana Masasi. Mwaka uliofuata Mtaguso wa Vatikano ukatoa hati ya umoja wa Wakristo. Mkatoliki ambaye zamani angekatazwa kusali na jirani yake Mwanglikana sasa akahimizwa kufanya hivyo, hasa katika wiki ya kuombea umoja, 18 hadi 25 Januari, ambayo huku huangukia kwenye palizi.

Mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu katoliki wa Afrika Mashariki, wakaweka mkazo kwenye jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Kaya chache zinakutana nyumbani kwa mmoja wao, mkeka unatandikwa, somo linasomwa, kila mtu analeta ombi lake: mgonjwa, ada ya shule, mvua iliyochelewa. Padri si lazima awepo.

Tangu 1986 jimbo linaitwa Lindi. Majina ya maaskofu wake yanapatikana kwa urahisi. Ya makatekista waliozunguka kwa miguu kati ya Mnero, Ruangwa na Nachingwea, mengi hayamo vitabuni. Wajukuu wao bado wapo. Parokia na madhehebu yote mawili yawaulize sasa, na kuandika.